Siku Ambazo King'ora Kilikaa Kimya

Jestha 29, Jumanne

Gehendra sir, bosi wetu, ametangaza kwamba msimu huu wa mvua kila mtu aandike anachofanya kila siku, ili kikiharibika kitu tujue nani aligusa nini. Wenzangu wanaandika kwenye kompyuta kwa tarehe za Kiingereza. Mimi na kompyuta tunakaa pamoja mchana kutwa, sitaki tena kuipa na mambo yangu. Naandika kwa mkono, kwa tarehe na miezi yetu ya nyumbani: Jestha, Asar, Saun, Bhadau.

Kazi yenyewe ni hii. Kila saa kumi na mbili asubuhi seva yetu hapa Pokhara inakusanya mvua ya usiku, kimo cha maji na orodha ya watu, inavijenga kuwa kifurushi kimoja cha programu, kisha inakituma kwenye visanduku vitatu vilivyofungwa kando ya mto Jyamire. Ofisini tunauita mjengo. Mjengo ukipita, king'ora cha kila kijiji kinajua leo kilie maji yakifika wapi. Mjengo ukigoma, kinakaa kimya mpaka kesho yake, hata maji yapande hadi mlangoni. Ndivyo alivyoamua Gehendra sir, kwa sababu mwaka jana kililia bure mara tatu kwa hesabu zilizopitwa na wakati, na watu wa Tallo Jyamire wakakivisha gunia.

Tallo Jyamire ndiko alikoolewa dada yangu Dhanu. Kutoka mlangoni kwake hadi majini ni hatua mia moja, nimezihesabu.

Leo nimeongeza mstari mmoja kwenye hati ya amri zinazoendesha mjengo. Kila kifurushi kinatoka na karatasi ya kupeleka ofisi ya kata, na mwenyekiti wa kata hataki kuona tarehe ya Kiingereza, anataka yetu. Wala hataki iandikwe "siku ya 03". Anataka 3, kama watu. Basi nikaiambia kompyuta: chukua tarehe, ijumlishe na sifuri, ile sifuri ya mbele itaanguka yenyewe. Nimejaribu kwenye kompyuta yangu tarehe zote za mwezi, moja baada ya nyingine, zote zimepita. Nimejisifu mwenyewe maana hakuna mwingine wa kunisifu.

Asar 1, Jumamosi

Mvua imeanza. Nguo hazikauki.

Asar 4, Jumanne

Seva ina kelele. Kila asubuhi inatapika kurasa nne za maonyo yasiyo na kichwa wala miguu, mpaka sioni kama mjengo umepita au la. Nimeyazima maonyo yote yasitokee tena kwenye kioo. Sasa inasema neno moja tu: umepita, au umegoma. Raha.

Asar 8, Jumamosi

Siku yetu moja ya mapumziko kwa wiki, nimeosha nywele, nimeweka dengu jikoni, simu ikalia. Mjengo umegoma hatua ya nne, ya kufunga kifurushi, yenye amri zaidi ya mia.

Nikafungua kompyuta yangu nikauendesha mjengo uleule, hati ileile, neno kwa neno. Ukapita. Nikaurudia kwenye seva. Ukagoma. Kwangu ukapita, kwa seva ukagoma, kwangu ukapita. Nimefanya hivyo mara saba, dengu zikaungua. Najua seva ina mfumo wake na kompyuta yangu ina wake, na kila mmoja una msomaji wake wa amri, yaani programu inayozisoma na kuzitekeleza, lakini amri si ni amri? Ukimwambia mtu wa Kathmandu na mtu wa Dhangadhi "keti", wote si wataketi?

Bahati njema, mvua leo ni ya kunyunyiza tu.

Asar 9, Jumapili

Umegoma tena. Nimebadilisha jina la folda lililokuwa na nafasi katikati, maana baadhi ya wasomaji wa amri wakiona nafasi hudhani ni vitu viwili. Umegoma. Nimeongeza alama za kunukuu. Umegoma. Gehendra sir amekuja, ameizima seva, ameiwasha. Umegoma. Kisha akaenda kwenye kile kijihekalu chake cha ofisini, akarudi na kidole chekundu, akaipaka seva tika, alama ya baraka, kwenye paji, hapo juu ya taa ya kijani.

"Sir, hii ni mashine," nikamwambia.

"Na wewe je, sayansi yako imefanya nini tangu jana?"

Nikarudi kwenye hati yangu.

Asar 10, Jumatatu

Umepita. Hakuna aliyegusa chochote. Gehendra sir anatembea ofisini kama bwana harusi.

Asar 11, Jumanne

Bado unapita, na mimi bado sielewi, na jambo nisilolielewa likitengemaa lenyewe linanitia hofu kuliko likiharibika. Nimemuuliza kila mtu aligusa nini. Wote wanasema hawakugusa. Amebaki Tularam dai tu.

Tularam dai ni mzee wa ofisi; sisi tunamwita dai, kaka, naye huniita bahini, dada mdogo. Alifanya kazi ya mito ofisi ya wilaya miaka ishirini na mbili, halafu Gehendra sir akamchukua kwa sababu anawajua watu. Kazi yake ni orodha: majina na simu za watu mia mbili na kumi na nne wa vijiji vitatu, nani amehama, nani amekufa. Anaiandika kwenye mashine kuukuu aliyokuja nayo, yenye mfumo wa tatu, si wangu wala wa seva. Anaandika kwa kidole kimoja. Kila asubuhi kabla hajaandika herufi hata moja anakaa nusu saa na simu ya mezani akipiga soga. Umekula? Mbuzi amezaa? Maji yakoje? Sauti yake inaingia mpaka kwenye mifupa yangu.

"Dai, Jumamosi na Jumapili uligusa orodha?"

"Naigusa kila siku, bahini. Ndiyo kazi yangu. Umekula?"

Asar 15, Jumamosi

Siku ya kupandikiza mpunga. Nimekwenda kwa Dhanu. Tumeingia matopeni mpaka magotini, tumerushiana tope, tumekula mtindi na mchele wa kupondwa pale pembeni mwa shamba. Mto ulikuwa mwembamba, unaweza kuudharau. Baba mkwe wa Dhanu, mzee asiyetembea bila kushikwa, alikuwa amewekewa kiti kibarazani akitutukana kwamba tunapanda mishazari.

"Kile kidude chenu kitalia kweli?" Dhanu akaniuliza, anakitazama king'ora juu ya nguzo.

"Kitalia."

"Maana mzee huyu kumbeba ni kazi. Nahitaji robo saa."

Nikamwambia atapata nusu saa. Nilisema hivyo bila hata kufikiri.

Asar 20, Alhamisi

Nimempata. Mjengo umegoma asubuhi, na safari hii ni kwenye hatua ya pili, ya kusoma orodha. Nimechunguza faili la Tularam dai nikakuta kila mstari una alama moja mwishoni isiyoonekana kwa macho. Mashine yake ndiyo inayoiweka. Mfumo wake ndivyo unavyomaliza mstari, wa seva unamaliza vingine. Kwake ni salama, kwa seva ni uchafu. Alikuwa amehifadhi faili kwa njia asiyoizoea.

Nimelisafisha, mjengo ukapita papo hapo.

Nikamwita nikamwonyesha. Akavaa miwani, akasogea mpaka pua ikagusa kioo.

"Sioni kitu."

"Haionekani, dai."

"Sasa bahini, kama haionekani nitaacha vipi kuiweka?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Kama alifanya hivi leo, alishindwa nini kufanya tarehe nane?

Asar 21 mpaka 31

Umepita, umepita, umepita. Sina la kuandika. Ukungu umeota kwenye viatu vyangu.

Saun 1, Jumanne

Wanawake wote ofisini wamevaa bangili za kijani, desturi ya mwezi huu. Na mimi nimevaa. Zinagonga meza nikiandika amri, na Gehendra sir anauliza nani anapiga kengele.

Saun 8, Jumanne

Umegoma. Hatua ya nne.

Zaidi ya wiki mbili ulikuwa unapita. Mvua haijakatika tangu juzi. Nimefungua faili la Tularam dai nikitarajia kuiona ile alama. Haimo. Nimelisafisha hata hivyo. Umegoma. Nimelisafisha mara ya pili kwa amri nyingine, maana amri ileile ya kusafisha kwenye kompyuta yangu inataka neno la ziada ambalo kwa seva halitakiwi. Umegoma. Kwangu, bila shaka, unapita vizuri kabisa, unanichekea.

Nilijaribu mpaka ofisi inafungwa. Kichwa changu ni kizito. Nimempigia Dhanu nimwambie wasikitegemee king'ora leo. Simu yake haipatikani. Nimemtumia ujumbe.

Saun 9, Jumatano

Naandika nimekaa sakafuni kwa jirani wa Dhanu.

Saa kumi na mbili asubuhi umegoma. Saa mbili umegoma. Gehendra sir alikuwa amesimama nyuma yangu, ananipumulia shingoni. Akasema tulazimishe kifurushi cha juzi. Nikamwambia visanduku vinakataa kifurushi cha zamani, wewe mwenyewe ndiye uliyetaka vikatae. Tularam dai alikuwa pale kwenye kona yake na simu sikioni, anaongea, anaongea, na mimi nikapandwa na hasira nikamwambia mbele ya watu wote, "Dai, tafadhali, soga leo ziache." Akaniangalia. Akaweka mkono juu ya simu, akageukia ukuta, akaendelea kwa sauti ya chini. Nikaona huyu mzee hana haya kabisa.

Saa tano kasoro maji yalishuka Jyamire. King'ora hakikulia.

Habari zilitufikia saa sita. Nilipanda basi bila mwavuli wala ruhusa. Njia nzima nilikuwa nahesabu zile hatua mia moja, na yule mzee wa kubebwa, na robo saa. Sijui nilikuwa namwomba nani. Niliomba tu.

Wapo. Wote wapo. Dhanu, watoto, mume wake, mzee, wako kwa jirani wa juu mlimani wamelowa chapachapa. Zizi limekwenda. Nyati amekwenda na ndama wake, kamba ilikuwa imefungwa na hapakuwa na muda wa kuifungua. Shamba tulilopanda mishazari sasa ni mawe matupu. Dhanu alinishika akalia kwa ajili ya nyati yule kama mtu aliyefiwa, na mimi nikalia naye, lakini mimi sikuwa nalilia nyati.

Alipotulia akasema, "Mngechelewa kupiga, mzee angebaki ndani."

Nikadhani ameupata ujumbe wangu wa jana. Nikashukuru.

Saun 10, Alhamisi

Nimerudi. Gehendra sir aliniita ofisini kwake, amevimba macho. Wafadhili wa mradi wamepiga simu, mwenyekiti wa kata amepiga simu. Wanataka sababu, na wanaitaka kwa maandishi.

"Sababu ni nini, Junu? Wewe ndiye unayejua."

Ningesema sijui. Ndio ulikuwa ukweli, na ni neno fupi. Lakini nilikuwa nimetoka kuona mawe mahali palipokuwa na mpunga, na mtu aliyetoka huko hawezi kusema sijui. Nikasema ni faili za Tularam dai. Nikaonyesha rekodi ya Asar 20. Nikasema mashine yake inachafua orodha kwa namna ambazo hazionekani zote. Nikaandika ukurasa mmoja na nusu, Kiingereza kizuri, na jina lake liko kwenye mstari wa tatu.

Hata kabla sijamaliza, Gehendra sir alikuwa ameamuru mashine yake ichomolewe. Mjengo wa asubuhi alikuwa ameusimamisha mpaka sababu ipatikane; saa tano ukaendeshwa.

Ukapita.

Kwa hiyo ni yeye. Nimefurahi kwamba ni yeye. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyo leo.

Saun 11, Ijumaa

Tularam dai ameambiwa apumzike. Hakubisha. Alipanga vitu vyake kwenye mfuko wa mchele, akaja mezani kwangu.

"Bahini, niambie nilichokosea, ili nijue."

"Ni mambo ya mashine, dai. Ni vigumu kueleza."

"Sawa. Wewe umesoma," akasema, akaenda kusubiri mvua ipungue.

Saun 12 mpaka 30

Unapita kila siku. Ofisi ina utulivu wa kupendeza asubuhi. Ushahidi gani mwingine mtu anautaka?

Bhadau 1, Jumamosi

Dhanu amekuja mjini kutafuta mabati. Tumepika wali na dengu, na mboga ya maboga. Nikamwambia basi ni vizuri ule ujumbe wangu ulikufikia.

"Ujumbe gani?"

"Wa kukwambia msikitegemee king'ora."

"Simu yangu ilikuwa imekufa siku mbili. Alipigiwa mume wangu, saa nne na nusu asubuhi. Mzee mmoja wa ofisini kwenu. Kwanza akauliza, mmekula? Mume wangu akasema ndio tunakula. Akasema acheni chakula hapo, Phulmaya amenambia huko juu maji yamefika kwenye daraja na yana rangi ya matope, mtoeni mzee kwanza, halafu watoto, mifugo mwisho. Akakaa kwenye simu mpaka akasikia mzee anatukana mgongoni kwa mtu. Ndipo akakata akampigia jirani."

Nikamuuliza Phulmaya ni nani. Dhanu akanishangaa. Phulmaya ndiye mwanamke anayesoma kijiti cha kupimia maji kwenye daraja la juu, ndiye anayetuletea namba kila siku kwa simu, na mimi miaka mitatu nimekuwa nikizipokea hizo namba kwenye faili bila kujua kwamba kuna mtu.

Nikaweka sahani chini. Mtu anayevunja king'ora mbona akae saa mbili nzima akipiga simu nyumba kwa nyumba? Lakini alipoondoka mjengo ukapita. Lakini alipiga simu. Lakini ukapita. Nimezunguka hapohapo mpaka Dhanu akaniuliza kama naumwa.

Bhadau 2, Jumapili

Nimemwambia Gehendra sir kuhusu simu zile. Alikuwa hajui. Akafungua rekodi, akaandika tarehe za kugoma kwenye karatasi, za Kiingereza: Juni ishirini na mbili, ishirini na tatu. Julai ishirini na tatu, ishirini na nne. Asar 20 tuliiacha, ile hatua yake ilikuwa nyingine.

"Ishirini na tatu ipo kote," akasema. "Labda si Tularam. Labda mashine ina kisirani na ishirini na tatu."

"Kwa nini?"

"Mimi nitajuaje? Tusubiri Agosti ishirini na tatu."

Sikuwa na wazo bora kuliko hilo. Huo ndio ukweli unaonitia aibu.

Bhadau 4, Jumanne

Mvua. Kimo kimepanda. Nimempigia Phulmaya mwenyewe. Akasema, "Wewe nani?" Nikasema wa ofisini. "Ofisi huwa inapiga kwa sauti ya mwanamume," akasema, kisha akanipa namba na kukata.

Bhadau 7, Ijumaa

Leo ndiyo Agosti ishirini na tatu. Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa wanne mbele ya kioo kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani. Gehendra sir ameongeza tika mpya juu ya ile ya zamani.

Umepita.

Akanunua chai na mandazi kwa ofisi nzima. "Imekwisha," akasema. "Alikuwa Tularam, masikini. Tufunge ukurasa." Watu wakala. Mimi sikuwa na njaa. Mvua ilikuwa inapiga bati mpaka unasikia kwenye meno, na utabiri wa kesho ni mbaya zaidi.

Saa tisa alasiri nikafungua daftari hili niandike "umepita" na nifunge ukurasa kama nilivyoambiwa. Kabla ya kuandika nikarudi nyuma kutafuta siku ya mafuriko, sijui kwa nini, nadhani nilitaka kujiumiza. Saun 9. Umegoma. Ukurasa wa kabla yake, Saun 8. Umegoma. Nikarudi nyuma zaidi. Asar 9. Asar 8.

Nane, tisa. Nane, tisa.

Kwenye tarehe za Kiingereza huoni kitu, zimeteleza. Kwenye zetu zimesimama pamoja. Na mahali pamoja tu kwenye mjengo mzima panapotumia tarehe zetu ni ule mstari wangu. Wangu mimi. Ule niliojisifia.

Nilikwenda kwenye seva nikaidanganya kwamba leo ni tarehe nane. Ukagoma. Nikaidanganya ni saba, ukapita. Nikafungua maonyo niliyoyazima tangu Asar 4, na pale, kwenye mstari wa kwanza kabisa, seva ilikuwa imeandika sababu. Imekuwa ikiiandika kila mara ulipogoma. Mimi ndiye niliyeiziba mdomo.

Ni hivi, na nikieleza nasikia haya. Msomaji wa amri wa kwenye seva akiona namba imeanza na sifuri, anadhani unahesabu kwa nane badala ya kumi. Kwenye hesabu hiyo kuna sifuri mpaka saba tu, nane na tisa hazipo. Kwa hiyo 01 mpaka 07 zinapita, na 10 haina sifuri mbele inapita, na 08 na 09 anazikataa: hakuna namba kama hiyo. Msomaji wa kwenye kompyuta yangu hana habari na mambo hayo, anaitupa sifuri na kuendelea. Ndiyo maana kwangu zilipita zote. Alama za Tularam dai hazikuhusika hata kidogo. Saun 10 ungepita hata kama angekuwa amekaa juu ya seva.

Nimeuandika upya ule mstari, nikaiambia seva wazi kwamba hapa tunahesabu kwa kumi. Nimejaribu siku zote, moja mpaka thelathini na mbili, na safari hii nimejaribu kwenye seva yenyewe. Zimepita.

Gehendra sir alisikiliza amesimama. Halafu akafunga mlango.

"Vizuri umeitengeneza. Ripoti imeshakwenda, lakini. Sema tumefanya maboresho."

"Sir, jina lake limo."

"Alikuwa karibu kustaafu, Junu. Na jina lako ukiliweka pale, wafadhili hawatauliza mara mbili. Unanielewa?"

Nimemwelewa. Nimeogopa pia, sikatai.

Bhadau 8, Jumamosi

Umepita. Saa nane mchana king'ora cha Tallo Jyamire kikalia. Dhanu alinipigia akanyoosha simu nje nikisikie. Maji yalifika kwenye mawe ya shamba, yakasimama hapo. Wote walikuwa wameshapanda juu.

Nimeandika ripoti mpya. Nusu ukurasa. Jina langu liko kwenye mstari wa kwanza. Nimewatumia wafadhili, mwenyekiti wa kata na Gehendra sir, kwa pamoja, kabla sijapata muda wa kujihurumia.

Bhadau 9, Jumapili

Umepita. Gehendra sir hakunisalimu. Amesema kesho tutaongea.

Saa kumi nikapanda gari mpaka kwa Tularam dai, nyuma ya ziwa dogo. Alikuwa kibarazani na mke wake wanapukuchua mahindi. Akanyanyuka haraka, akaanza kufuta kiti.

"Junu bahini. Umekula?"

Nilikataa kuketi. Niliogopa nikiketi nitapewa chai, na nikishapewa chai nitashindwa kusema. Mke wake akaingia ndani kuchemsha maji hata hivyo. Nikamwambia palepale nimesimama. Nikamwambia mjengo niliuvunja mimi, kwa mstari mmoja niliouandika Jestha, na nikazima maonyo kwa mkono wangu mwenyewe, na nikaandika jina lake kwa sababu nilitaka pawe na jina. Nikampa ripoti mpya. Nikasema naomba radhi, nikasikia neno lenyewe lilivyo dogo, nikalirudia.

Hakuisoma karatasi. Aliishika tu. Kisha akaingia ndani akatoka na madaftari matatu ya shule, akanikalisha, akaniwekea mapajani.

Nikafungua. Ilikuwa orodha. Majina mia mbili na kumi na nne, kwa mkono wake, na namba za simu, mstari mmoja mmoja. Daftari la pili, orodha ileile tena. La tatu, ileile. Pembeni mwa kila jina kuna alama ndogo ya vema kwa kalamu nyekundu.

"Uliniambia kuna kosa lisiloonekana," akasema. "Nikasema, kwa macho ya mashine silioni, labda kwa mkono nitaliona. Nikampigia kila mtu kuhakikisha. Nilipofika mwisho sikuliona, nikaanza upya."

Mwezi mzima. Mimi nilikuwa nafurahia utulivu wa asubuhi.

"Kwa hiyo halimo?"

"Halimo, dai. Ile ya Asar ilikuwa tabia ya mashine, tuliisafisha siku ileile. Hii ya mafuriko ni yangu."

"Hata jina moja?"

"Hata moja."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaifuta tena. Kisha akageukia mlangoni akamwita mke wake, aache chai, aje. Yule mama akatoka, kijiko cha majani ya chai mkononi.

"Rudia, bahini," akasema Tularam dai. "Na huyu asikie."

Nikarudia.